Nautafuta ubongo wangu wa zamani

Wiki ya tatu baada ya kupona korona, waya wa umeme uliungua chini ya meza yangu ya kazi. Plastiki iliyeyuka, moshi mwembamba ukapanda mpaka usawa wa magoti, na mimi nikaendelea kuandika. Mwenzangu aliyekuwa chumba cha pili ndiye aliyekuja mbio, akachomoa plagi ukutani, akaniangalia kwa mshangao: "Wewe husikii harufu?" Nilikuwa sisikii. Pua haikuwa imeziba, mafua yalishaisha, hewa ilipita vizuri tu. Harufu ndiyo haikuwepo.

Nilivumilia miezi minne. Ilipoanza kurudi ilirudi imepinda, sabuni ikanuka kama mpira uliochomwa, na pamoja na hilo likaja jambo lililonitisha zaidi: maneno. Nilianza sentensi, nikifika katikati neno limeshaondoka. Kazi yangu ni kuchambua data, inanidai nishike namba tano sita kichwani kwa wakati mmoja, na sasa zilikuwa zinanidondoka. Daktari alinisikiliza, akaniandikia kipimo cha MRI cha kichwa, na wiki moja baadaye tukakaa wawili mbele ya skrini yake.

"Hapa hakuna kasoro, dada," alisema, huku akipitisha picha moja baada ya nyingine. "Ubongo wa kawaida kwa mtu wa umri wako."

"Kawaida ukilinganisha na nani, Daktari?"

Aliacha kupitisha picha. "Na watu wengine. Ndicho tulichonacho. Ungekuwa na picha ya kabla hujaugua, labda ningeweza kukuambia zaidi kidogo."

"Ninayo," nikamwambia.

Na kweli ninayo, mahali fulani. Nikiwa mwanafunzi wa miaka 24 nilijitolea kwenye utafiti wa kumbukumbu. Nililala chali kwenye kitanda kile chembamba, nikawekewa vizibo vya masikio na kizimba cha plastiki juu ya uso, nikapewa kipira cha kubonyeza endapo ningeshikwa na hofu, kisha nikasukumwa ndani. Dakika arobaini za kelele: mara king'ora, mara kama mtu anagonga bati kwa nyundo, mara kimya ambacho nacho kilikuwa kinatisha kwa sababu sikujua kinafuatiwa na nini. Kabla ya hapo nilikuwa nimesaini fomu ya ridhaa yenye kurasa nne. Sentensi moja tu ndiyo iliyobaki kichwani: data yangu itatunzwa kwa namba, bila jina.

Nimeutafuta ubongo ule kwa karibu nusu mwaka. Katika kuutafuta nimejifunza mambo kuhusu picha za ubongo na magonjwa ya virusi ambayo natamani kila mtu ayajue, mgonjwa na mzima, ndiyo maana naandika.

Kwanza, kwa nini picha ya kabla ina uzito kiasi hicho. Bongo za watu hutofautiana kama nyuso zinavyotofautiana. Watu wawili wenye afya njema, umri mmoja, jinsia moja, wanaweza kupishana ukubwa wa ubongo kwa asilimia kumi au zaidi na wote wakawa salama. Madhara ya virusi kwa mtu ambaye hakulazwa ni madogo sana mbele ya tofauti hizo. Ukimpima mgonjwa mara moja tu, baada ya kuugua, huwezi kujua kama sehemu fulani imepungua au ndivyo alivyozaliwa. Wapo virusi ambao hawahitaji mjadala huu: virusi vya malengelenge (herpes) vikiingia kwenye ubongo hushambulia maeneo ya pembeni, nyuma ya kipaji na masikio, mpaka picha moja inatosha kumshtua daktari. Zika nayo, kwa watoto waliozaliwa baada ya mlipuko wa Brazili wa 2015 na 2016, iliacha vichwa vidogo na chembe za chokaa ndani ya ubongo ambazo kipimo cha CT kilizionyesha wazi. Lakini wengi wetu tulioachwa na ukungu kichwani hatuna alama ya namna hiyo. Kwetu sisi, jibu likiwepo, limo katika kutoa: ubongo wa leo ukitoa ubongo wa jana.

Utafiti mmoja ulifanya hesabu hiyo hasa. UK Biobank, mradi wa Uingereza, uliandikisha watu 500,000 wa umri wa miaka 40 hadi 69 kati ya mwaka 2006 na 2010, na tangu 2014 ukaanza kuwapiga baadhi yao picha za ubongo, moyo na viungo vingine. Hakuna aliyekuwa anafikiria korona. Walitaka kujua watu wanavyozeeka na nani atapata maradhi gani. Janga lilipokuja, maelfu ya bongo zilikuwa zimeshapigwa picha zikiwa nzima, na mtu mmoja akawa na akili ya kusema: tuwaite tena. Gwenaëlle Douaud wa Oxford na wenzake walichapisha matokeo katika jarida la Nature mwezi Machi 2022. Watu 785, wenye miaka 51 hadi 81, walipigwa picha mara mbili, kwa wastani miaka mitatu na kidogo ikiwa katikati. Kati yao, 401 walipata maambukizi baada ya picha ya kwanza na kabla ya ile ya pili, 384 hawakupata. Waliolazwa hospitali walikuwa 15 tu.

Kila ubongo hupungua kidogo na umri, kwa hiyo wote walipungua. Ila waliougua walipungua zaidi, kwa kiasi cha kati ya asilimia 0.2 na 2 kutegemea sehemu, na sehemu zilizoguswa zaidi zilikuwa zile zinazohusiana na harufu: gamba la ubongo lililo juu ya tundu za macho, na eneo linalopakana na hipokampasi ambako kumbukumbu hupita. Katika majaribio ya akili pia walirudi nyuma zaidi ya wenzao. Nilisoma ukurasa ule usiku, nikausoma tena, na nakiri nililia, si kwa hofu bali kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amepima kitu nilichokuwa nakieleza kwa maneno yanayonidondoka.

Hata hivyo utafiti ule haukusema kwamba virusi vinakula ubongo, ingawa vichwa vya habari vilisema hivyo. Inawezekana kabisa kwamba pua ikinyamaza kwa miezi, sehemu ya ubongo inayopokea harufu hukosa kazi na kukonda, kama mguu uliofungwa plasta. Waandishi wenyewe waliliacha wazi. Na kuna suala la nani aliyepimwa. UK Biobank ilituma mialiko milioni 9.2; walioitikia ni takriban asilimia 5.5, na waliojitokeza wana afya nzuri na kipato kizuri kuliko wastani, wengi mno wakiwa wazungu. Kijana hayumo, mtu wa asili nyingine ni wa kutafuta kwa tochi. Mimi nilikuwa na miaka 38 nilipougua. Matokeo yale yananihusu kwa kukisia tu.

Kwa hiyo nilianza kuutafuta wangu.

Barua pepe ya kwanza niliandika kwa uangalifu mkubwa. Nilieleza mwaka niliopimwa, utafiti ulihusu nini, na kwamba naomba nakala ya picha zangu kwa ajili ya matibabu. Kimya. Nikaandika tena baada ya wiki tatu. Kimya. Nikaitafuta makala iliyotokana na utafiti ule, nikaisoma mpaka mwisho, na pale mwishoni palikuwa na ile sentensi ambayo kila mtu wa fani hii anaijua: data zinapatikana kwa mwandishi kwa ombi lenye sababu. Mimi nilikuwa na sababu. Nilikuwa mwenye ubongo.

Watafiti watatu, Gabelica na wenzake, walichapisha mwaka 2022 kipimo cha sentensi hiyo. Walichukua makala 1,792 ambazo waandishi wake walikuwa wameahidi kutoa data wakiombwa, wakawaomba. Waliotoa walikuwa 122. Waliobaki, asilimia 93, walikataa au hawakujibu kabisa. Sikupata faraja kuwa sehemu ya asilimia hiyo, lakini niliacha kudhani kuwa tatizo ni namna nilivyoandika barua.

Ugomvi huu ni wa zamani. Mwaka 2000, chuo cha Dartmouth nchini Marekani kilipoanzisha ghala la picha za ubongo na jarida moja likawataka waandishi wote waweke data zao humo, watafiti wengi walikuja juu. Walihofia kuibiwa kazi, walihofia makosa yao kuonekana, walihofia faragha ya waliopimwa. Hofu ya tatu ni ya haki na nitairudia. Za kwanza mbili zimepungua nguvu mwaka hadi mwaka. Mradi wa ADNI, unaochunguza ugonjwa wa Alzheimer tangu 2004, uliamua kuwapa watafiti wengine data mapema badala ya kuzikalia, na dunia haikuanguka. Mwishoni mwa 2009 vituo vingi vikaunganisha picha za watu zaidi ya 1,200 wakiwa wamepumzika tu ndani ya mashine na kuziweka wazi. Leo ipo OpenNeuro, iliyokuzwa na kundi la Russell Poldrack wa Stanford, ambako mtu yeyote mwenye intaneti anapakua bongo za wageni bure bila kuomba ruhusa.

Lakini nisiwaonee watafiti. Nimefanya kazi na data miaka mingi na najua kilicho nyuma ya kimya kile. Picha moja ya ubongo hutoka kwenye mashine ikiwa mamia ya vipande vyembamba, kila kipande faili lake. Aliyezipiga alizipa majina aliyoyaelewa yeye. Akahitimu, akaondoka. Diski ikahamishiwa kabatini, kabati likahamishiwa jengo jingine. Miaka kumi baadaye mtu anaandika kuuliza, na wa kujibu ni profesa ambaye hajui hata kama diski bado inazunguka. Mwaka 2016 kundi la Krzysztof Gorgolewski lilitangaza mpangilio unaoitwa BIDS: kila mshiriki folda lake, kila aina ya picha jina lake maalumu, na jedwali moja linaloorodhesha washiriki wote. Ni jambo linaloonekana dogo. Kwa maoni yangu limefanya kazi kubwa kuliko hotuba zote kuhusu uwazi, kwa sababu sasa anayetaka kutoa data anajua azitoeje, na anayezipokea hahitaji kumpigia simu aliyezipiga.

Sasa faragha. Nilipochoka kusubiri niliomba hospitali CD ya kipimo changu kipya, nikazigeuza zile picha kuwa faili moja, nikalifungua kwenye kompyuta yangu. Programu ninayotumia ina kitufe cha kutengeneza sura ya nje kutokana na vipande vyote. Nilikibonyeza bila kufikiri sana. Nikajiona. Kope zimefumba, pua yangu yenye upinde wa babu yangu, sikio la kushoto limekunjika kidogo pale lilipobanwa na mto. Mtu yeyote anayenijua angesema, huyu ni fulani.

Sentensi ile ya data kutunzwa kwa namba bila jina ikanirudia. Namba inaficha jina, lakini uso umo ndani ya faili. Mwaka 2019 watafiti wa hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani waliwachukua watu 84, wakatengeneza nyuso kutokana na MRI zao na kuzilinganisha na picha za kawaida za kamera kwa programu ya kutambua sura. Programu iliwatambua 70 kati yao, asilimia 83. Ndiyo sababu maghala ya wazi yanataka uso ukatwe kabla ya faili kupandishwa, na zipo programu za kufanya hivyo kwa dakika chache: zinatafuta pua, macho na mdomo, zinafuta, zinaacha ubongo.

Kwa magonjwa mengi hiyo inatosha. Kwa ugonjwa kama wangu kuna mtego, na nimeuona kwa macho yangu. Zile tunguu mbili ndogo za ubongo zinazopokea harufu zimelala juu kabisa ya pua, zikitenganishwa nayo na mfupa mwembamba wenye matundu kama chujio. Ziko jirani kabisa na kile kinachofutwa. Nilijaribu programu ya kukata uso kwenye faili langu, nikafungua matokeo na kushuka kipande kwa kipande. Kwenye tunguu ya kulia kisu cha programu kilikuwa kimepita. Nusu ilikuwa kijivu, nusu ilikuwa nyeusi tupu. Mtu akilipakua faili hilo kesho kuchunguza virusi na harufu ataona tunguu ndogo upande wa kulia na kudhani ni ugonjwa. Dawa yake ipo: kuangalia kila faili kwa macho baada ya kukata, au kuweka picha kamili mahali ambapo anayeomba anatambuliwa na kusaini mkataba kwanza. Njia ya pili inachelewesha kazi. Naipenda hata hivyo. Milango miwili kwa ghala moja si ubahili.

Wakati nasubiri jibu nilifanya jambo jingine. Nilisema, kama siwezi kuupata wangu, nitafute za watu wengine walioambukizwa, zilizo wazi, nione. Na hapo ndipo nilipogundua pengo ambalo halihusu ubahili wa mtu yeyote. Picha za kifua zilimiminika tangu mwaka wa kwanza wa janga, kwa maelfu. Za ubongo zilikuwa chache, kwa sababu mgonjwa anayeshindwa kupumua hupigwa eksirei ya kifua, hasukumwi ndani ya MRI kwa dakika arobaini. Seti nyingi za ubongo nilizofungua zilikuwa safi, zimepangwa vizuri, na jedwali la washiriki lilikuwa na safu zilezile nne: namba, umri, jinsia, mkono anaoutumia. Kama mtu huyu aliwahi kuugua korona, au dengi, au ana VVU, au alipata homa ya uti wa mgongo utotoni, hakuna aliyeuliza.

Fikiria maana yake. Tangu 2020 sehemu kubwa ya watu duniani wameshaambukizwa korona, wengine bila kujua. Mtu anayeandikwa kuwa "mzima" katika utafiti wa leo si lazima awe mzima kwa maana ya 2018. Hii inafanya kila picha ya ubongo iliyopigwa kabla ya 2020 kuwa kitu kisichoweza kutengenezwa tena. Hata ufadhili wa dunia nzima hautampata mtu mzima leo umpige picha ya miaka saba iliyopita. Zile diski zilizo makabatini, zilizopigwa kwa ajili ya tafiti za kumbukumbu, lugha, usingizi, ndizo "kabla" yetu sote. Kila moja inayooza ni hasara ambayo hatutajua hata ukubwa wake.

Kuna ushahidi wa nini hutokea pale "kabla" inapotunzwa. Jeshi la Marekani limekuwa likihifadhi mabaki ya damu ya askari iliyopimwa VVU. Watafiti wa Harvard waliitumia damu hiyo, katika kundi la watu zaidi ya milioni 10, kuchunguza ugonjwa unaoharibu ngozi ya mishipa ya fahamu, yaani multipo sklerosisi. Januari 2022 walionyesha kwamba hatari ya kuupata hupanda mara 32 baada ya maambukizi ya virusi vya Epstein-Barr. Swali lililosumbua watu kwa miongo lilipata jibu lenye nguvu kutoka kwenye chupa zilizowekwa barafuni kwa sababu nyingine kabisa. Kinyume chake ni ule ugonjwa wa usingizi aliouelezea Constantin von Economo huko Vienna mwaka 1917, ulioacha watu wamekakamaa kwa miaka na kisha ukatoweka. Mpaka leo hakuna mwenye hakika kama chanzo kilikuwa virusi.

Lakini kutoa tu hakutoshi, na picha zilezile za kifua ni fundisho. Programu nyingi za kompyuta zilitengenezwa haraka kutambua korona kutoka kwenye eksirei na CT. Mwaka 2021 kundi la Cambridge lilipitia tafiti 2,212, likabaki na 62 zilizostahili kuchunguzwa kwa kina, na halikuona hata moja iliyofaa kutumika hospitalini. Baadhi zilikuwa zimechukua picha za korona za watu wazima na kuzilinganisha na picha za nimonia za watoto wadogo, kwa sababu ndizo zilizokuwa wazi mtandaoni. Programu ikajifunza kumtenga mtoto na mtu mzima, na walioitengeneza wakadhani imejifunza ugonjwa. Ubongo una hatari ileile. Mashine mbili za MRI zikimpiga mtu mmoja siku moja zinaweza kutoa vipimo vinavyopishana kwa kiasi kikubwa kuliko athari yenyewe ya virusi. Wanatakwimu wana njia za kusawazisha tofauti hizo, lakini zinafanya kazi pale tu watafiti walipoandika mashine gani ilitumika, lini, na kwa mpangilio upi.

Na pale ambapo sheria ya nchi au fomu ya ridhaa hairuhusu picha kutoka nje, bado ipo njia. Ushirika wa watafiti wa picha za ubongo uitwao ENIGMA, ulioanzishwa mwaka 2009 na Paul Thompson na wenzake, unawaruhusu watafiti kuendesha programu ileile kila mmoja kwenye kituo chake na kutuma namba tu. Kundi lao la VVU lilikusanya hivyo vipimo vya watu 1,203 kutoka tafiti 13 zilizo mabara mbalimbali, na mwaka 2021 likaonyesha kwamba walio na chembe chache za kinga ziitwazo CD4 walikuwa na hipokampasi na thalamasi ndogo zaidi, na wale ambao virusi vilionekana kwenye damu walikuwa na hipokampasi na amigdala ndogo, zote zikiwa sehemu za ndani za ubongo. Hakuna kituo kimoja ambacho kingefika huko peke yake. Utafiti wa kawaida wa picha za ubongo huwa na watu ishirini na kitu.

Jibu langu lilikuja mwezi wa tano. Halikutoka kwa profesa, alikuwa ameshastaafu, lilitoka kwa mwanafunzi aliyepewa kazi ya kusafisha kabati. Aliniita dada, akaomba radhi kwa niaba ya watu ambao hakuwahi kuonana nao. Diski ilikuwa nzima. Yeye mwenyewe alikuwa amezipanga upya picha zote, amekata nyuso, amezikagua moja moja, na wiki mbili zilizopita ameziweka kwenye ghala la wazi. Kisha aya ya mwisho: ile karatasi iliyounganisha majina na namba iliteketezwa baada ya miaka kumi, kama fomu ya ridhaa ilivyoagiza. Ubongo wako umo, aliandika, ila siwezi kukuambia ni upi.

Nilipakua seti nzima usiku uleule. Nikafungua jedwali. Wanawake wenye miaka 24 walikuwa watano. Wanaotumia mkono wa kulia, kati ya hao, watatu. Mafaili matatu, na katika kompyuta hiyohiyo ninalo la mwaka huu, kamili, na mikunjo yake yote. Mikunjo ya ubongo ni kama alama za vidole, haibadiliki umbo kwa sababu ya homa. Kulinganisha kungechukua dakika chache.

Ukurasa wa kupakulia ulikuwa na sharti, nami nilikuwa nimeweka alama ya kukubali: mtumiaji hatajaribu kumtambua mshiriki yeyote. Nilikaa mbele ya sharti lile muda mrefu. Mmoja wa watatu ni mimi, na nadhani ninayo haki ya kujitafuta. Lakini ili nijipate sharti niwapekue wale wawili, wanawake waliolala kwenye kitanda kile na kipira kile mkononi, waliosoma sentensi ileile niliyoisoma mimi wakaiamini. Nilimwandikia yule mwanafunzi, nikamshukuru, nikamwomba kama seti ikipata mlango wa pili siku moja, wenye mtu wa kuamua, anikumbuke. Kisha nikayafunga mafaili yote matatu.

Mwezi uliofuata nilijiandikisha kwenye utafiti mpya. Fomu ya ridhaa safari hii ilikuwa na kurasa tisa na nilisoma kila moja. Ilisema picha zitaenda wapi, nani ataziona nzima na nani ataziona zimekatwa uso, na kwamba nikitaka nakala yangu nitapewa hata miaka ishirini baadaye. Ukurasa wa saba ulikuwa na jedwali: maambukizi ya virusi unayoyakumbuka, tarehe, ulipimwa kwa njia gani, dalili zilidumu muda gani. Nilijaza mistari mitatu. Kwenye safu ya dalili niliandika tarehe ya ule waya ulioungua.

Fundi wa mashine akaniuliza kama nimeshawahi kuingia ndani ya hii. Nikamwambia mara mbili. Akanipa kipira, akakikunja kiganja changu juu yake, akanisukuma ndani.